Neno Lisilotiwa Inshallah

Juzi mjukuu wangu Nasra kanipigia simu kutoka Hayes, pembeni ya London. Alikuwa ametoka kwenye intavyuu ya kazi, huko kwenye maghala ya mizigo ya ndege, na furaha imemjaa mpaka sauti inamkatika. Nikamuuliza, je, wamekupa? Akasema, "Not yet, Bibi, but it's in the bag." Nikamwambia sema inshallah. Akacheka. "Yes, yes, inshallah, don't worry." Watoto wa hapa ndivyo walivyo, Kiswahili wanakisikia chote ila kinywa kinajibu Kiingereza. Tukaagana, nami nikabaki jikoni na mwiko mkononi, mchuzi unachemka, moyo unanidunda kama nimekimbizwa na mbwa. Mtu mzima mie, magoti yote mawili mabovu, nimezika mume, nimezika wazee, naogopa maneno matatu ya Kiingereza, "in the bag".

Kwa wenzangu ambao hawakuishi huku, nieleze kidogo, ingawa mie si mtu wa shule na mtaona kwa nini. Maana yake ni kuwa kitu kimo mkobani. Mtu kaenda dukani, kanunua, katia mkobani, kafunga; nani tena wa kumnyang'anya? Mwingereza akisema hivyo anakusudia kuwa jambo limeshapatikana, hakuna wasiwasi. Timu yake ikiwa mbele mabao manne na mpira unakaribia kwisha, atasema. Mwanawe akitoka kwenye mtihani anacheka, atasema. Ila nimekaa nao umri mzima na nimeona kitu ambacho wenyewe sijui kama wanakiona. Hawalisemi kwa kitu walicho nacho. Chai ukishainywa hakuna anayesema imo mkobani. Wanalisema kwa kile ambacho bado, kiko karibu, umekiona, pengine harufu yake unaisikia, lakini mkono haujakifikia. Hapo ndipo nilipokamatwa mie, tangu meno yangu ya mbele hayajaota.

Maana kwetu, kitu ambacho bado hakisemwi. Bibi yangu, mzaa baba, ndiye aliyenilea, na katika nyumba yake hakuna jambo la mbele lililotoka kinywani bila kutiwa jina la Mungu. Ukimuuliza, Bibi, wali umeiva? Kifuniko anacho mkononi, wali unaonekana, mvuke unampiga usoni, na bado atakwambia, "Umeiva, Mungu akijaalia." Mwanamke mjamzito hakununuliwa hata kitambaa. Mtu akisafiri, majirani waligundua baada ya siku kuwa hayupo. Hata maandazi hayakusifiwa mpaka yameumuka, yamechomwa, na mtu kashameza. Sie watoto tuliona ndivyo dunia inavyokwenda, kama vile kuvua viatu mlangoni.

Na kulikuwa na habari ya Ami Sefu, mdogo wake Baba. Naikumbuka kwa sababu alivaa shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono imesimama kama mbao. Aliingia mchana, akasema mbele ya watu wote, "Mambo yangu yamekwisha. Jumatatu naanza kazi bandarini." Bibi akamwambia, "Sema Mungu akipenda." Akacheka, akamshika Bibi mabega, "Yamekwisha, mama, yamekwisha!" Jumatatu ilipofika mapinduzi yalikuwa yameshapita juu yetu sie watu wa Unguja, na Ami Sefu hakuonekana bandarini wala nyumbani, mpaka leo. Bibi hakulia mbele yetu. Alisema maneno machache tu, anakunja lile shati: "Alilisema kabla halijawa." Watu wazima waliokuwepo walijua sababu nyingine za mtu kupotea siku zile. Mie sikujua. Mie nilichukua ile moja aliyoisema Bibi.

Sasa nisije nikawapoteza, maana nina tabia ya kutoka njiani. Baba mapinduzi yalimkuta melini, alikuwa mpishi. Akashuka London, hakurudi. Baadaye tukamfuata mie na Bibi kwa kupitia Mombasa. Mama alibaki Unguja. Baba yake alikuwa gerezani, na hakuna mwengine wa kumpelekea chakula. Siku tunaondoka nilikuwa mdogo kiasi kwamba sura yake nilikuja nayo nusu. Mikono naiona, kidevu nakiona, macho sikuyapata tena. Nilikuwa nikijaribu kuyatafuta kitandani kabla ya kulala na badala yake yanakuja macho ya Bibi.

Tulipanga chumba Southall, juu, katika nyumba ya Kalasinga mmoja aliyezaliwa Nakuru, Bwana Harbans. Mtu mrefu, kilemba kizuri, ndevu kazifunga kwa wavu, na anacheka kwa tumbo. Siku ya kwanza tunapandisha ngazi na mabunda yetu, Bibi anatetemeka kwa baridi, ikatoka sauti chini: "Karibu mama, karibu! Angalia ngazi, hiyo moja napenda kuvunja watu!" Bibi akasimama. Hajasikia Kiswahili cha mtu wa nje tangu tushuke ndege, akadhani masikio yake yameharibika. Baadaye walikuwa wakitaniana kila siku. Bibi akimwambia, "Bwana Harbans, Kiswahili chako umekichinja bila kisu." Naye anajibu, "Mama, chako iko tamu sana, lakini mpaka wewe namaliza salamu, chai nakuwa barafu." Mkewe hakujua Kiswahili hata kidogo, lakini alikuwa akituletea dengu kwenye bakuli la chuma na kumpapasa Bibi shavu. Chumba chetu kilinuka mafuta ya taa, maana hita ilikuwa ya mafuta ya taa, na mpaka leo nikiyanusa nahisi miguu yangu imekufa ganzi.

Babu yangu, baba wa Mama, alifariki kule gerezani. Tukapata habari, na baada ya miezi tukapata habari nyingine kwamba Mama katoka Unguja, yuko Mombasa kwa watu wetu. Kumleta ndiyo ikawa kazi, na kazi hiyo aliichukua Bwana Harbans. Kiingereza chake kilikuwa na nguvu, na aliwajua watu wa maofisi. Alikwenda na Baba mara hii na mara ile. Kila wakirudi mikono mitupu, Bibi anakaa juu ya mswala muda mrefu kuliko kawaida, na mie nakaa kwenye ngazi nimeshika nguzo.

Halafu siku moja walirudi wanakimbia. Nilisikia viatu vya Baba vinaruka ngazi, na nyuma yake Bwana Harbans anahema. "Mama! Wewe sasa lala usingizi! Mtoto yako anapata mke yake, mtoto hii anapata mama yake. Naona mkubwa ya ofisi mwenyewe, ananiambia hakuna taabu. Finished! It's in the bag!"

Bibi akauliza, "Ndiyo kasemaje mwisho?"

Baba akamfasiria kwa furaha. Limo mkobani, mama, yaani halina tena kukosekana.

Niliona uso wa Bibi ukifunga. Akasema, "Mwambie aseme inshallah."

"Mama, huyu si Muislamu."

"Basi sema wewe."

"Nitasema. Lakini huku si Unguja, mama. Huku watu wanasema tu. Maneno ni maneno." Na Baba, mtu aliyekuwa hajacheka tangu tumfikie, akanyanyua mkono wangu juu kama wa bondia. "Zuhura! Mama yako, in the bag!"

Ile inshallah hakuisema. Alisahau kwa furaha. Mie nilikuwa natazama mdomo wake, naingoja, naingoja, na haikutoka. Ndipo nikaingia kwenye hofu ambayo sijui hata niieleze vipi. Nilimuona Ami Sefu na shati lake. Nikaona Mama kashasimamishwa mahali fulani, na kila neno lile likisemwa tupu linamsukuma nyuma hatua. Nikafanya hesabu yangu ya kitoto: kama wao hawasemi, basi nitawasemea mie. Neno likitoka tu, niwahi nyuma yake kwa inshallah, kabla halijafika linakokwenda.

Jamani, ilikuwa kazi. Baba alilipenda neno lile kama mtu aliyenunua saa mpya, kila anayekutana naye lazima amuonyeshe. Alimwambia muuza maziwa. Aliwaambia wenzake wa kiwanda cha mikate waliokuja kumchukua. Alilisema akijinyoa, peke yake, mbele ya kioo, na mie nipo nje ya mlango na mdomo wangu kwenye tundu la ufunguo, "inshallah, inshallah." Nikagundua pia kuwa Waingereza wote wanazungumza hivyo hivyo, hata bila ya neno lile. Kesho tutafanya hiki. Wiki ijayo nitakuja. See you Monday. Hakuna anayemtaja Mungu. Nikaona nchi nzima inatembea ukingoni mwa shimo na haijui. Nikiwa barabarani nimeshikwa mkono na Bibi, mtu akipita anazungumza mambo ya kesho, nami nanong'ona kwa ajili yake, maana nilidhani uovu ukishuka hauchagui, unaweza kumpitia yeye ukampata Mama.

Shuleni ndiko nilikoharibikiwa. Mwalimu wetu, mwanamke mnene mwenye miwani ya mnyororo, si mbaya kabisa, alikuwa akisema, "Tomorrow we'll paint," nami nanong'ona. "After lunch we'll read," nanong'ona. Akasimama. "What did you say, dear? Speak up." Mie nikazidi kushuka kwenye kiti. Nitamwambia nini, kwamba namuokoa? Watoto wakaanza kunichezeshea midomo yao kama samaki kila nikipita. Mwishowe nikakalishwa nyuma kabisa, karibu na makoti, na huko sikuona ubao, wala sikuutafuta. Wenzangu walipokuwa wanajifunza kusoma, mie nilikuwa zamu. Mpaka leo kitabu cha Kiingereza nikikifungua naanza kunusa makoti ya mvua.

Ikafika siku yenyewe ya ndege ya Mama. Baba alikuwa amemnunulia Mama koti la sufu la kijani, kalikunja mkononi kama mtoto mchanga, hataki hata Bibi alishike. Bwana Harbans alivaa kilemba cha rangi ya machungwa. Tukapanda basi asubuhi, ukungu umeziba vioo, watu wanavuta sigara. Kondakta akamuona Baba na lile koti. "Off to meet someone, are we?"

"My wife," akasema Baba. "It's in the bag!"

Na saa ile ile nikatapika kwenye kanga ya Bibi. Bibi ananishika paji la uso, Bwana Harbans anafungua dirisha, kondakta anasema oh dear oh dear, na nilipopata pumzi ya kusema, neno lilikuwa limeshakwenda. Niliisema ile inshallah, lakini nilijua. Ilikuwa kama kurusha kamba baada ya mtu kuzama.

Uwanjani tukasimama kwenye kizuizi, mlango mkubwa mbele yetu. Ndege imefika, walisema. Watu wakaanza kutoka. Wanawake wa Kihindi na watoto wamelala mabegani, wazungu wekundu kwa jua, padri mmoja kabeba ngoma. Kila akitoka mwanamke nilimtazama macho, maana macho ndiyo sikuwa nayo, nikawa namuuliza moyoni, ni wewe? Ni wewe? Baba alikuwa anasimama kwa vidole vya miguu. Watu wakapungua. Wakawa wanatoka mmoja mmoja. Wakatoka wale wa ndege wenyewe, na kofia zao na vijibegi vyao. Halafu hakutoka mtu. Akaja mzee na deki, akaanza kusugua sakafu pale walipopita.

"Pengine mzigo umechelewa," akasema Baba.

"Mzigo, ndiyo," akasema Bwana Harbans. "Mzigo iko pole pole sana hapa."

Akatokea mtu mwenye sare, akaita jina la Baba, akalitamka vibaya mpaka Baba hakujitambua. Wakazungumza kidogo. Baba akageuka kututazama, uso wake umekuwa wa kijivu, akaingia naye kwa mlango mwengine, mdogo, usio na kioo. Mlango ukajifunga wenyewe taratibu. Sasa wawili wamo ndani. Mama, na Baba pia.

Tulikaa kwenye kiti kirefu. Bibi anavuta tasbihi, na nikaona vidole vyake vinaruka punje. Nikamvuta kanga. "Bibi. Kwenye basi sikuwahi."

"Hukuwahi nini, mwanangu?"

"Inshallah ya Baba. Zote nilizisema, za nyumbani, za barabarani, za mwalimu. Ile moja nilikuwa natapika."

Akanitazama. Nadhani ndipo alipojua ile minong'ono yangu yote ilikuwa nini, maana alikuwa akifikiri nina minyoo na kunipa dawa. Hakunambia kuwa ni upuuzi. Laiti angenambia! Alipandisha pumzi, akamgeukia Bwana Harbans.

"Bwana Harbans. Hebu liseme tena lile neno lako."

"Neno gani, mama?"

"La mkobani. Liseme tena hapa. Mtoto ana jambo lake, anataka kulitia dua."

Kalasinga wa watu akanitazama, akautazama ule mlango mdogo. Yule mtu aliyekuwa akilitupa neno lile kama mtu anatupia kuku mtama, akashika ndevu zake. "Mama," akasema chini chini, "leo mimi naogopa kusema."

Nimeshaogopa mara nyingi maishani. Nimelala hospitali, nimesikia simu zikilia saa mbaya. Lakini sijaogopa tena kama pale, kumuona mtu mrefu vile, mwenye Kiingereza chenye nguvu, anaogopa kitu nilichokuwa nikikiogopa mie. Maana mpaka hapo, ndani kabisa, nilikuwa na tumaini kuwa Baba ndiye aliyekuwa sawa na maneno ni maneno. Nikasema inshallah yangu hivyo hivyo, kavu, haina neno la kushikilia. Tukakaa. Mzee wa deki akamaliza upande ule akahamia wetu, tukanyanyua miguu.

Kumbe hakukuwa na lolote kubwa. Hayo nimeyajua ukubwani. Walikuwa wakimhoji Mama, hakuna aliyeijua lugha yake, naye kila wakimuuliza kitu anawajibu kwa adabu kwa Kiswahili, mpaka wakaona bora waitwe mumewe. Baba akajibu, wakaridhika, basi. Lakini mie pale kwenye kiti nilikuwa nimeshamzika.

Mlango mdogo ukafunguka. Akatoka Baba, na nyuma yake mwanamke mwembamba, buibui limekunjika, lile koti la kijani juu ya mabega halijavaliwa mikono. Bibi akapiga ukelele mmoja. Wakakumbatiana, Baba analia waziwazi, Bwana Harbans kageukia ukutani miwani kaivua, anapangusa macho. Halafu mwanamke yule akanitafuta. "Yuko wapi mwanangu?"

Nikajificha nyuma ya Bibi. Macho yake nilikuwa nayaona sasa, na hayakuwa yale niliyoyatarajia, wala sikujua nilitarajia yapi. Baba akaniambia, "Zuhura, nenda kwa mama yako." Sikwenda. Nilifikiri nikimgusa tu, nikionyesha kuwa nimeamini, mlango ule utafunguka na wamrudishe. Bibi akanisukuma kidogo, nikashika kanga yake yenye matapishi, nikakaza.

"Mwacheni," akasema Mama. "Ananiogopa. Msimlazimishe."

Na akafanya kitu ambacho sijaona mtu mwengine akikifanya katika nchi hii. Akakaa chini. Pale pale kwenye sakafu iliyokuwa bado mbichi kwa deki, akanyoosha miguu yake mbele kama mtu anayekaa ukumbini kwake kuchambua mchele, akapakata mikono. "Mie nitakaa hapa," akasema. "Mpaka anizoee."

"Mke wangu, inuka, watu wanapita."

"Wapite."

Wakapita kweli. Mabegi yakamzunguka kulia na kushoto, mtu mmoja akamruka miguu. Mama hakunitazama sana, alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu, anavichezesha, kama hana haraka na mtu. Ndipo nikamuona yule mtu wa sare anakuja tena kutoka upande wa mlango, anamtazama yeye, mkono kauinua, "Madam, madam, you can't sit there."

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka nilikuwa shingoni mwake, kucha zangu zimeingia kwenye nyama, na yule mtu kasimama juu yetu anazungumza, Baba anamjibu. Nasema kweli, hayakuwa mapenzi, nilikuwa bado sijamjua. Mapenzi yalikuja baadaye, siku kwa siku, na yalichelewa. Niliona tu anakuja kuchukuliwa. Bibi akajaribu kunibandua vidole, "Zuhura, taratibu, unamuumiza mama yako."

"Mwache," akasema Mama juu ya kichwa changu, na pumzi yake inatetemeka kuliko yangu. "Mwache ashike. Hata akinichubua."